Kukarabati Nyumba ya Kupangisha Mwanza Ukiwa Mbali

Mwenye nyumba anayeishi Dar es Salaam na kukarabati nyumba yake ya kupangisha iliyoko Nyegezi au Buhongwa jijini Mwanza, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka alipo, huogopa zaidi fundi kutoroka na fedha. Hilo hutokea, lakini hasara iliyo kubwa zaidi hutokana na kazi iliyofunikwa kabla ya mtu kuikagua: bomba lililo nyuma ya vigae, nyaya zilizo ndani ya lipu, mbao za kenchi zilizo juu ya dari. Kwa sababu hiyo, usilipe kwa wiki. Lipa kila hatua inapokaguliwa kabla haijafunikwa, na ratiba hiyo iandikwe katika mkataba unaosainiwa mbele ya mashahidi.

Orodha ya kazi iandikwe chumba kwa chumba, pamoja na vipimo. Ukisema tu kwamba unataka bati zuri, utaletewa geji 30, ambayo ni nyembamba kuliko geji 28, na fundi atakuwa hajakudanganya. Bei ya ufundi itenganishwe na bei ya vifaa, na fedha za vifaa zitumwe moja kwa moja kwa mwenye duka, naye akupe risiti. Ikiwa nyumba iko mlimani, kama zilivyo nyingi za Mwanza zilizojengwa katikati ya mawe, uliza kwanza tripu ya mchanga inaishia wapi, kwa maana kutoka hapo kila ndoo na kila mfuko wa saruji hubebwa na vibarua, na gharama hiyo isiyokadiriwa mapema huzaa ugomvi katikati ya kazi.

Tafuta msimamizi ambaye hakuletwa na fundi, nawe umlipe. Wengi humpa ndugu kazi hii bila malipo; mimi siipendi njia hiyo, kwani ndugu huona aibu kumkosoa fundi anayekula naye chakula cha mchana, na wewe pia huona aibu kumuuliza ndugu yako kwa nini hakwenda kukagua.

Hatua ya mabomba ndiyo inayohitaji uangalifu kuliko zote. Niliwahi kuridhika na picha za bafu lililopendeza, vigae vimenyooka, kumbe kiungo kimoja kilikuwa kinavuja ukutani. Baada ya miezi michache rangi ya chumba cha pili ilianza kuvimba, mpangaji akahama, na vigae vyote vikabomolewa. Tangu hapo, kabla ya lipu, humwandikia fundi hivi: "Habari za kazi, fundi. Naomba uzibe miisho yote ya mabomba, ufunge koki ya kuingiza maji kwenye tangi, kisha ufungulie maji yalale hadi asubuhi." Msimamizi huipiga picha mita ya maji jioni, tarakimu zote zikisomeka, na huipiga tena alfajiri. Tarakimu zikiwa zimesogea, kuna mahali panavuja, na hakuna malipo mpaka papatikane. Usiku huo maji yasikatike, la sivyo kipimo hakina maana. Sakafu ya bafu nayo imwagiwe ndoo ya maji huku video ikirekodiwa bila kukatwa, ili uone kama maji yanaelekea kwenye tundu au yanatuama pembeni.

Kazi ya paa ifanywe kati ya Juni na Agosti, wakati wa kiangazi. Rangi haihitaji maelezo mengi, ila kuta ziwe zimekauka.

Mwisho, shikilia asilimia 10 ya malipo ya ufundi, na fundi alijue jambo hilo tangu siku ya kusaini. Kiasi hicho alipwe baada ya mvua kubwa ya kwanza ya vuli, msimamizi akiwa amekwisha kuingia juu ya dari na tochi, akashika kila mbao ya kenchi kwa mkono, na kukuta ni kavu.