Kuvuka Kitulo kwa baiskeli msimu wa mvua

Maua ya Kitulo, hifadhi ya taifa iliyo juu milimani kusini mwa Tanzania, hayangoji kiangazi. Yanachanua kati ya Desemba na Aprili, mvua ikiwa imeshika, kwa hiyo anayetaka kuiona Bustani ya Mungu, kama Kitulo inavyoitwa, kwa baiskeli akubali kulowa. Nimeshapita njia hiyo mara sita, kutoka Chimala mpaka Isyonje, na kila mara nashukuru kwamba nilikwenda.

Toka Chimala saa 11 alfajiri. Kinachokuharakisha ni radi. Uwanda wa juu uko kwenye mita 2,600 hivi, ni majani matupu, na radi huko hupenda kuanza mchana. Ikifika saa 7 uwe umeshavuka, au uko chini ya bati la mtu. Ikikukuta katikati, laza baiskeli uiache, sogea mbali nayo, tafuta mahali palipobonyea uchuchumae, miguu pamoja. Usikimbilie mti uliosimama peke yake.

Mlima wa kwanza unaitwa Hamsini na Saba, hiyo ndiyo hesabu ya kona zake. Hapa wengi hukosea: alfajiri ina kibaridi, wanavaa sweta tangu chini. Vua. Panda na fulana moja, gia nyepesi kuliko zote, mwendo wa kuweza kuongea bila kuhema. Ukichoka shuka usukume, si aibu. Jasho unalomwaga kwenye kona ndilo litakalokugandisha juu. Fulana ya pili, sweta la sufu na soksi vitie ndani ya kiroba cha unga, ukunje mdomo mara tatu, ufunge kwa kipande cha tyubu kuukuu. Usivifungue mpaka Matamba, mji mdogo ulio juu baada ya kona. Na ukisikia Fuso ya viazi inashuka, simama pembeni. Dereva hakuoni mpaka amalize kukata kona.

Matamba kula hata kama huna njaa. Chai ya maziwa, viazi vya kuchemsha, vingine viwili vya moto mfukoni; vinapasha mikono kwanza, tumbo baadaye. Salimia wazee, "Kamwene", na uulize barabara ya mbele ikoje. Wao wameiona asubuhi hiyo.

Madigadi yaache nyumbani. Udongo wa kule ukilowa unashikana na majani, unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Hata bila madigadi utajaa kwenye breki, basi chomeka kijiti kigumu kwenye karia na ukwangue kila unaposimama. Usingoje mpaka baiskeli iwe nzito.

Sasa mteremko wa kuelekea Isyonje, na huu ndio ninaouogopa kuliko kupanda. Hukanyagi, kwa hiyo mwili hauzalishi joto, na upepo unapita kwenye nguo mbichi. Kabla ya kushuka ingiza magazeti makavu kifuani chini ya sweta. Halafu gusisha kidole gumba na kidole cha mwisho. Visipokutana, usishuke, tafuta moto.

Safari yangu ya tatu sikujipima. Njiani breki ya kushoto ikaja yote mpaka kwenye usukani: mchanga ulikuwa umemaliza raba, chuma kinakwaruza rimu. Raba mpya nilikuwa nazo, lakini vidole havikuweza kushika spana. Ilinianguka matopeni mara nne. Nikasukuma hadi nyumba ya kwanza yenye moshi. Mama mwenye nyumba hakuuliza natoka wapi. "Mwanangu, ingia, vua viatu," akanikalisha kando ya mafiga, akanishikisha kikombe kwa mikono yote miwili, na yake akaiweka juu ya yangu kwa sababu ilikuwa inatetemeka.

Siku hizi spana namba 10 na raba mpya hukaa mfuko wa mbele, na nazibadilisha kule juu Kitulo, kabla ya kuanza kushuka, vidole vikiwa bado vinanisikia.