Jinsi ya kupeleka kikundi Karimjee, Bunge letu la zamani hapa Dar

Watu wengi wa Dar wameshaingia Karimjee kwa ajili ya harusi, mkutano au kuaga msiba, wakatoka, na hawajui kwamba pale ndo Bunge la nchi hii lilikuwa linakaa kabla mambo hayajahamia Dodoma. Kwahiyo kama wewe ni mwalimu wa uraia, au unaongoza vijana wa kanisani au msikitini, au mna kikundi chenu tu cha mtaani na mnataka kwenda kuliona lile jengo kwa maana yake, hapa naeleza namna ya kupanga, mana Karimjee sio kama makumbusho, hakuna dirisha la tiketi wala mtu wa kuwatembeza anayewasubiri mlangoni, ule ni ukumbi wa Jiji ambao unafanya kazi, na ziara inabidi muitengeneze wenyewe.

Anzeni kwa kujua mnaenda kuona nini, na hili nalisema kabla ya barua kwasababu barua yenyewe haitakuwa na nguvu kama hujui unaomba nini. Baraza la Kutunga Sheria, lile wazee wanaloliita LEGCO, lilianza 1926 enzi za Gavana Donald Cameron, wajumbe wote wakiwa wa kuteuliwa na hakuna Mwafrika hata mmoja, mpaka 1945 ndo wakaingia wawili, Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga na Chifu Abdiel Shangali wa kule Machame. Ukumbi wa Karimjee wenyewe ni wa miaka ya 1950, zawadi ya familia ya akina Karimjee kwa mji wa Dar, na mmoja wao, Abdulkarim Karimjee, ndo alikuwa Spika hadi 1962, yaani baraza lilikaa kwenye ukumbi wenye jina la familia ya Spika. Baada yake kiti akakikalia Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa yule yule wa Kalenga aliyepigana na Wajerumani, Mwafrika wa kwanza kuwa Spika. Hapo katikati kuna uchaguzi wa kura tatu wa 1958 na 1959, ambapo kila mpiga kura alitakiwa achague Mwafrika mmoja, Muasia mmoja na Mzungu mmoja, alafu kuna Uhuru wa 1961 na Jamhuri ya 1962.

Na kuna Muungano. Hati zilisainiwa Zanzibar tarehe 22 Aprili 1964, Bunge la Tanganyika likaziridhia tarehe 25, na tarehe 27 Nyerere na Karume wakakutana Karimjee kubadilishana zile hati. Mwanafunzi amekariri tarehe 26 Aprili, siku ya Muungano, toka darasa la tatu, lakini akisimama ndani ya ukumbi wenyewe akaambiwa ni humu humu, ile tarehe inapata mahali pa kukaa kichwani. Mimi naona hii peke yake inatosha kulipia nauli ya daladala.

Sasa barua. Inaenda kwa Mkurugenzi wa Jiji, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na hapa watu wa nje ya katikati ya mji muwe makini kidogo, mana mwaka 2021 ile Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa na Manispaa ya Ilala ndo ikapandishwa hadhi kuwa Jiji, kwahiyo mtu wa Temeke au Kinondoni asipeleke ombi la ukumbi kwa mkurugenzi wa manispaa yake. Kama ni shule ya serikali bado utahitaji ruhusa ya afisa elimu wako ya kuwatoa wanafunzi, na ridhaa ya wazazi, ila hizo ni karatasi nyingine, usizichanganye na ombi la ukumbi. Barua iwe kwenye karatasi yenye nembo ya shule au kikundi, isainiwe na kupigwa muhuri, kikundi cha mtaani kisichokuwa na muhuri kipitie kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa awaandikie utambulisho. Maneno yasiwe mengi, mfano hivi:

"YAH: OMBI LA KUTEMBELEA UKUMBI WA KARIMJEE KWA MAFUNZO. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni wanafunzi 45 wa kidato cha tatu pamoja na walimu 4. Tunaomba kuingia na kuuona ukumbi uliotumiwa na Bunge, siku ya Jumanne tarehe tajwa, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 5. Endapo ukumbi utakuwa na shughuli tupo tayari kuja Jumatano au Alhamisi ya wiki hiyo hiyo. Hatutaingia na chakula wala vyombo vya muziki. Tunaomba mtumishi mmoja wa kutufungulia na kutuonesha maeneo tunayoruhusiwa kufika."

Zile siku mbadala ziandike kabisa, usiziache. Ukumbi unakodishwa, una vikao, una maonesho, na anayepanga ratiba akikuta tarehe moja tu na tarehe yenyewe imeshachukuliwa barua yako inakaa pembeni, lakini akikuta siku tatu anachagua moja na kazi imeisha. Ipeleke kwa mkono masjala, nenda na kopi yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, alafu uliza inakwenda kwa ofisa gani. Baada ya siku kadhaa rudi ufuatilie, na ukirudi taja tarehe ya muhuri, sio "niliwahi kuleta barua hapa". Ongea kwa heshima, salimia kila mtu kuanzia mlinzi, hao ndo watakaokufungulia mlango siku yenyewe. Mkiambiwa kuna malipo yoyote ombeni kontrol namba mlipe benki au kwa simu mpate risiti, hela ya serikali hailipwi mkononi.

Siku bora ni katikati ya wiki, asubuhi. Wikiendi kuna sherehe. Na mjue kwamba Karimjee ndo sehemu Dar inapowaagia watu wake wakubwa, Samuel Sitta aliyekuwa Spika aliagwa pale 2016 na Reginald Mengi 2019, kwahiyo ikitokea msiba wa kitaifa wiki yenu, ziara inasogea bila mjadala. Wazazi waambieni mapema kwamba tarehe inaweza kubadilika, na hela ya kosta msiilipe yote mwanzoni.

Nije kwenye kitu ambacho ndo ziara yenyewe, msimulizi. Mtumishi wa ukumbi atawafungulia na atawaonesha milango, lakini kazi yake ni kutunza ukumbi, hajaajiriwa kufundisha historia ya Bunge, na bila mtu wa kusimulia vijana wataona viti, madirisha na feni, watapiga selfi, watatoka. Kuna njia kama tatu hivi. Ya kwanza ni watu wa Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert, wapo jirani kabisa na wana waongozaji wazoefu, kwahiyo mkipanga makumbusho na Karimjee siku moja unaweza kuomba kwenye barua ya makumbusho kama muongozaji mmoja anaweza kuwasindikiza. Ya pili ni wale wa kituo cha urithi wa majengo, DARCH, kwenye Boma la Kale barabara ya Sokoine, wao kuongoza matembezi ya kihistoria mjini ni kazi yao, mtu wa majengo anakuonesha vitu ambavyo mwalimu wa historia havioni, kwanini madirisha yapo vile, hewa inapita wapi, nani alijenga na kwa hela ya nani.

Ya tatu ndo naipenda kuliko zote, mzee. Dar imejaa wastaafu, kuna waliokuwa makatibu muhtasi, waandishi wa habari, madereva, askari, wahudumu, watu ambao waliingia Karimjee Bunge likiwa linaendelea. Uliza msikitini, uliza kanisani, uliza kwenye kijiwe cha kahawa Kariakoo au Ilala, uliza babu na bibi za wanafunzi wenyewe. Ukimpata usimbebeshe mzigo wa tarehe, hizo utazisema wewe, yeye muulize wabunge walikuja na usafiri gani, watu wa kawaida walikaa wapi kusikiliza, mjadala ukipamba moto ilikuwaje. Mtumie gari limfuate nyumbani, mtafutie kiti cha kukaa, maji ya kunywa, na vijana wamsalimie shikamoo mmoja mmoja kabla hajaanza. Mwombe ruhusa kabla ya kumrekodi, akikubali rekodini yote, sauti tu ya simu inatosha, mana hao wazee wanapungua na sio kila walichokishuhudia kimeandikwa.

Njia yoyote utakayochukua, gawa kikundi. Watu 45 wakimzunguka msimulizi mmoja wa nyuma hawasikii kitu, bora nusu waanzie ndani na nusu wabaki uwanjani na mwalimu akiwaeleza kura tatu, alafu wabadilishane. Kuna zoezi ambalo linafanya kazi vizuri sana kama mkiruhusiwa kukaa, mmoja awe Spika, wengine wawe wabunge wa Aprili 1964, wajadili kama waridhie Muungano au la, dakika ishirini tu. Unamuacha anayepinga apinge kweli. Hilo zoezi liandaliwe darasani kabla, msianze kugawana nafasi pale ukumbini muda unaenda.

Kufika ni rahisi. Kwa daladala shukeni Posta, nendeni mpaka Sanamu ya Askari, ile ya 1927, hapo shikeni barabara ya Samora mkiupa mgongo Mnara wa Saa, nyoosheni tu mpaka upande wa Bustani ya Mimea na Karimjee ipo maeneo hayo hayo. Kwa mwendokasi mnaweza kushukia Posta ya Zamani mkatembea. Wa kosta dereva awashushe aende kutafuta pa kupaki, maegesho ya mjini ni ya kulipia na hayapatikani kirahisi. Kitu kimoja msisahau kuwaambia vijana, mpo jirani na Ikulu, kwahiyo kamera na simu zibaki mfukoni mkiwa barabarani upande ule, picha pigeni kwenye uwanja wa Karimjee mkisharuhusiwa. Mkimaliza, chakula kaleni bustanini au pitieni makumbusho, pale mnaliona fuvu la Zinjanthropus na magari aliyotumia Mwalimu, na Mtanzania analipa kiingilio kidogo kuliko mgeni.

Kuna watakaoniuliza mbona usitupeleke tu Dodoma. Dodoma nendeni, ila kwa sababu nyingine, kule mnaenda kuona Bunge likifanya kazi, jengo la sasa ni la 2006, na kabla ya hapo walikuwa wanatumia ukumbi wa Msekwa. Barua yake inaenda kwa Katibu wa Bunge, au mnamwona mbunge wa jimbo lenu awaalike kama wageni wake, na hii ya mbunge huwa inasaidia. Kipindi kizuri ni mkutano wa bajeti, Aprili mpaka mwisho wa Juni, vikao vinaanza saa 3 asubuhi kwa dua alafu maswali, wageni mnakaa jukwaani, mnatambulishwa na wabunge wanawapigia meza. Vaeni nguo za heshima, bebeni vitambulisho, na tegemeeni kukaguliwa. Treni ya SGR imerahisisha safari sana toka 2024, mnaweza kuondoka Stesheni ya Magufuli na kufika siku hiyo hiyo, ila lazima mlale kule ili muwahi kikao cha asubuhi, kwahiyo hesabu ya malazi iingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Na tiketi za treni kateni mkishapata jibu la tarehe kutoka Bungeni, sio kabla.