Jenga leji yako kwenye sakafu iliyotelekezwa

Miji yetu imejaa sakafu za zege zisizotumika: godauni lililobomolewa ikabaki chini tu, jengo lililokwama kwenye msingi, uwazi ulio chini ya daraja. Kwa anayeskeiti, yaani anayeteleza kwa bodi yenye magurudumu, hiyo ni mali. Mwaka 1990 vijana wa Portland, Marekani, walianza kumimina zege chini ya daraja la Burnside bila kibali; baadaye jiji likawaruhusu, na hadi leo watu wanaskeiti pale. Kitintale, Kampala, vijana nao walijijengea kiwanja katikati ya nyumba za mtaa. Usianze na rampu kubwa. Anza na leji, yaani benchi la zege lenye ukingo wa chuma wa kutelezea bodi: urefu mita 2, upana sentimita 50, kimo sentimita 35.

Hatua ya 1: Fagia, uliza

Kabla ya kununua saruji, fagia. Fagia tena kesho. Watu watakuja kuuliza unafanya nini, na hapo ndipo utakapojua mwenye eneo ni nani, nani hupitia na nani huanika nguo zake. Hao wana haki kabla yako. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa ukiwa na mchoro mkononi. Mvua ikinyesha, rudi uone maji yanapita wapi. Leji isizibe njia hiyo. Acha mita 10 za kuingilia na kama 6 za kutokea.

Hatua ya 2: Ziba nyufa

Gurudumu la bodi lina kipenyo cha milimita 52 hivi. Kokoto moja hulisimamisha, mwili ukaendelea. Panua kila ufa kwa tindo, usugue kwa brashi ya waya, uloweshe, kisha uzibe kwa saruji moja na mchanga laini mbili.

Hatua ya 3: Chuma na mbao

Tafuta vyuma viwili vya pembe vya milimita 50 kwa 50, unene 5. Mwambie fundi wa kuchomelea aweke upande wa ndani, kila sentimita 40, kipande cha nondo kilichokunjwa ncha kama ndoano. Usiruke hili: bila nondo hizo ukingo utang'oka. Funga kisanduku cha mbao, zipake oili chafu kwa ndani, pigilia vyuma kwenye kona za juu, kisha hakikisha kwa pimamaji. Katikati panga matofali mabovu yaliyoloweshwa, yawe mbali na mbao sentimita 10. Hapo mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 inatosha.

Hatua ya 4: Zege

Chokoa sakafu ya zamani mahali leji itakapokaa, ioshe, uimwagie uji wa saruji dakika chache kabla ya kumimina. Kipimo ni ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, tatu za kokoto ndogo. Mchanga wa baharini usiuguse, chumvi yake hula nondo. Changanya vikavu mpaka rangi iwe moja, kisha ongeza maji kidogo kidogo. Zege lililorundikwa lisimame, lisitiririke. Maji mengi humrahisishia anayekoroga, lakini leji itatoa vumbi na kupasuka. Vaa glavu na buti. Saruji mbichi huunguza ngozi.

Shindilia kwa nondo fupi, hasa chini ya vyuma, maana uwazi ukibaki pale ndipo leji inapovunjikia. Gonga mbao kwa nyundo, sawazisha juu, subiri maji yanayong'aa yakauke, ndipo upitishe mwiko wa chuma.

Hatua ya 5: Mwagilia

Toa mbao za pembeni siku ya pili. Funika kwa magunia, uyaloweshe asubuhi na jioni kwa siku 7, na asipande mtu. Siku ya 8, piga tupa ukingo wa chuma na uupake nta ya mshumaa kidogo tu. Ikizidi, bodi itakutoka miguuni. Ufa mwembamba ukitokea kwenye kona, uzibe wiki hiyohiyo. Ukisubiri masika, maji yatafika kwenye nondo.