Dizeli au umeme: namna ya kuchagua gari la kuvuta trela kwa barabara zetu

Mimi ni dereva wa Tororo, mashariki mwa Uganda, na kazi yangu ni trela. Navuta mashine za kusaga, matangi ya maji, ng'ombe, na mara nyingine gari la mtu lililokufa njiani. Siku hizi vijana wa steji hawaniulizi tena pikapu gani ina nguvu. Wanauliza kama dizeli imefika mwisho, na kama wakiagiza gari la umeme litafika Kapchorwa na mzigo. Jibu lake hupatikana kwa kalamu na karatasi, kabla hujatoa hata shilingi moja.

Suala la nguvu tulimalize mapema. Mota ya umeme hutoa mvuto wake wote gari likiwa bado limesimama. Haina klachi ya kuungua wala haisubiri tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, iamke. Ukiwa kwenye mwinuko wenye tope na trela nyuma, utaona thamani ya jambo hilo. Tena haijali hewa nyepesi ya mlimani. Injini isiyo na tabo, kama 1HZ ya Land Cruiser ambayo wengi wetu tumezeeka nayo, hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila inapopanda mita 1,000. Ukifika Kapchorwa, kwenye mita kama 1,900 juu ya usawa wa bahari, karibu moja ya tano ya nguvu imekwenda. Mota ya umeme haipotezi kitu kwa sababu hiyo. Ford F-150 Lightning, pikapu ya umeme, yenye betri kubwa iliruhusiwa kuvuta tani 4 na nusu, kwa hiyo anayekuambia umeme hauna nguvu anakupoteza.

Shida ni akiba. Lita moja ya dizeli hubeba nishati ya karibu uniti 10, uniti zilezile (kilowati moja kwa saa moja) unazonunua kwenye Yaka, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla. Tangi la lita 80 ni kama uniti 800. Injini itatupa karibu theluthi mbili kwa joto na moshi, lakini bado unabaki na zaidi ya 250 za kusukuma magurudumu. Sasa tazama Hilux ya umeme iliyotangazwa mwaka 2025: betri yake ni uniti 59.2. Hata kama mota haipotezi sana, pengo hilo halizibiki kwa maneno. Na Toyota wenyewe wameipa ruhusa ya kuvuta kilo 1,600, wakati Hilux ya dizeli ya lita 2.8 imepewa 3,500.

Chukua karatasi. Andika uzito wa gari, trela na mzigo kwa pamoja, kilomita za kwenda na kurudi, kimo utakachopanda, na mahali gari litakapolala. Hilo la mwisho watu hulisahau, na ndilo linaloamua mambo mengi.

Tufanye hesabu ya safari ninayoijua vizuri, Tororo hadi Kapchorwa kupitia Mbale, Sironko na Sipi. Ni kama kilomita 110. Pikapu ya umeme ikiwa tupu hula uniti 25 hivi kwa kilomita 100. Ukiifunga trela yenye mzigo wa maana, zidisha mara mbili, usijidanganye. Hapo ni uniti 55 kwa umbali wenyewe. Kisha ongeza mlima: kila tani moja ikipanda mita 100 inahitaji robo ya uniti na ziada kidogo. Gari na trela zikiwa tani 4, na mwinuko wa jumla ukiwa mita 750, hapo ni uniti 8, na ukihesabu upotevu, 10. Jumla 65. Betri ya 59.2 haifiki, na usipange kuimaliza hadi sifuri. Acha moja ya tano ndani kila mara. Maana yake lazima usimame Mbale uchaji kabla ya kuanza kupanda. Betri ya uniti 131, kama ile kubwa ya Lightning, ingekwenda na mzigo na kurudi na trela tupu siku hiyohiyo, lakini bila nafasi ya kupotea njia.

Kwenye tambarare, adui mkubwa ni upepo kuliko kilo. Trela ya boksi yenye kimo kikubwa itakula betri kuliko trela ya chini iliyobeba chuma kizito. Funga turubai likaze, weka mzigo wenye kimo nyuma ya kichwa cha gari, na shuka kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 80. Nguvu ya upepo hupungua kwa zaidi ya theluthi moja kwa hatua hiyo peke yake. Mwenye dizeli naye atafaidika, ila yeye anaweza kupuuza akanywesha gari Mbale kwa dakika chache. Wewe wa umeme huwezi.

Basi utachaji wapi? Soketi ya kawaida ya nyumbani hutoa kama kilowati 2.4. Gari likichaji kwa muda wa saa kumi, umepata uniti 24, na hazitoshi kazi ya trela. Laini yake yenyewe ya ampea 32 hutoa kilowati 7, yaani uniti 70 kwa usiku mmoja. Hapo biashara inaanza kuonekana. Mwite fundi umeme mwenye leseni, avute waya mnene na kuweka swichi yake, asiunganishe kwenye laini ya jiko. Na ukiwa safarini, kumbuka kwamba senta nyingi zenye mashine za kusaga zina fezi tatu, yaani umeme wa nyaya tatu wenye nguvu zaidi. Mwenye mashine akikubali kukuuzia umeme jioni akishafunga, na ukiwa na kiunganishi sahihi, unaweza kuchaji haraka kuliko hoteli yoyote ya mjini. Kwanza soma kitabu cha gari lako, maana mengine hayapokei zaidi ya kilowati 7 au 11 hata ukiyapa fezi tatu.

Kuna jambo moja la mlimani ambalo halisemwi sana, na linaweza kuua. Gari la umeme likishuka, mota hugeuka kuwa jenereta: inashika magurudumu na kurudisha umeme kwenye betri. Kuteremka Sipi na trela kwa njia hiyo ni raha, breki zinabaki baridi. Lakini betri iliyojaa kabisa haina pa kuuweka umeme huo. Ukilala Kapchorwa ukajaza hadi asilimia 100, asubuhi unaanza kuteremka ukitegemea breki za miguu tu, na tani kadhaa zinakusukuma mgongoni. Ukilala juu, simamisha chaji kwenye asilimia 85. Wa dizeli yeye ashuke kwa gia ndogo, kama tunavyofanya siku zote.

Breki za trela ni lazima kwa wote wawili. Watengenezaji wengi huruhusu kilo 750 tu kwa trela isiyo na breki zake. Ninaona trela za tani nzima zinapita Malaba hazina hata waya wa taa, na ninaumia. Mzigo pia upangwe vizuri: karibu asilimia 10 ya uzito wa trela ikae kwenye kiungo cha gari na trela. Ukiulundika nyuma, trela itaanza kuyumba mkia na itakutoa barabarani.

Kwa hiyo nani achukue nini? Kama unavuta ndani ya Kampala, Jinja au Mbale, unajua njia zako na unarudi kulala nyumbani, anza kufikiria umeme kwa dhati. Kiira Motors wanaunda mabasi ya umeme Jinja, na basi linafaa kwa sababu hiyohiyo: njia inajulikana, na usiku linarudi kwenye chaja. Umeme wetu ni wa maji ya Nile, kwenye mabwawa ya Bujagali, Isimba, na sasa Karuma yenye megawati 600. Dizeli inapita mpakani. Januari 2022 malori yalipokwama Malaba na Busia kwa ajili ya vipimo vya korona, bei ya mafuta ilipaa nchi nzima. Ulinganishe gharama mwenyewe: kwa kilomita 100 na trela, weka uniti 50 kwa bei ya Yaka, upande wa pili lita 15 kwa bei ya pampu ya siku hiyo.

Kama kazi yako ni Malaba hadi Mbarara na kuendelea Kabale, nunua dizeli, na uitunze: badilisha filta ya mafuta mapema, toa maji kwenye kitenganishi, safisha rejeta kabla ya msimu wa mavuno. Injini mpya haisamehi dizeli ya jerikani.

Naona miaka ijayo itakuwa ya magari ya katikati. BYD Shark ina betri ya kuchaji pamoja na injini ya petroli, na inavuta kilo 2,500. Ford nao Desemba 2025 walitangaza kusitisha Lightning ya umeme mtupu, na inayofuata itabeba injini ya kuzalisha umeme humohumo ndani. Kwa mtu wa trela, huo ni uamuzi wenye akili.

Na ninyi wenzangu mnaovuta magari mabovu, mazoea ya kamba yabadilike sasa. Gari la umeme, au haibridi (yenye injini na mota pamoja) kama Prius na Aqua, usiliburute magurudumu yanayoendeshwa na mota yakiwa chini. Yakizunguka yanazalisha umeme, na unaweza kuunguza mota na mitambo yake. Lipandishe lote juu ya gari la kubebea, magurudumu yote manne. Ukikuta nyaya za rangi ya chungwa zimechubuka, usiziguse wala kuzikata. Sogeza watu mbali, kisha mpigie fundi wa magari hayo.