Taa ya mfuko wa hewa haizimi: tafuta hitilafu, usizibe taa

Ukiwasha swichi ya gari, taa ya SRS (mfumo wa mifuko ya hewa) huwaka kwa takriban sekunde 6 kisha huzima. Ikibaki imewaka, au ikijirudisha ukiwa barabarani, kompyuta ya mifuko ya hewa imeona kasoro, na ajali ikitokea huenda mifuko isifunguke. Isipowaka kabisa, kuwa na wasiwasi zaidi: huenda balbu imeng'olewa au waya wake umeunganishwa na taa nyingine ili gari liuzike. Ukienda kuangalia gari la mkono wa pili hapa Nairobi, hesabu hizo sekunde 6 kabla hata ya kufungua boneti.

Hatua ya 1: Soma namba kwanza

Usifungue kitu chochote kabla ya kusoma namba za hitilafu. Vifaa vidogo vya bluetooth vya bei nafuu kwa kawaida husoma namba za injini tu, zile zinazoanza na P. Za mifuko ya hewa huanza na B, kwa hiyo muulize fundi kama mashine yake inaingia kwenye SRS ya gari lako. Andika kila namba, na kama ni hitilafu ya sasa au ya zamani.

Toyota za zamani hutoa namba kwa kupepesa taa. Unganisha kwa waya tundu la 4 na la 13 kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya dashibodi, kisha washa swichi bila kupiga stata. Namba 13 na 14 ni za upande wa dereva (shoti, na waya uliokatika), 53 na 54 ni za abiria. Hesabu matundu mara mbili, maana la 16 lina umeme wa betri moja kwa moja.

Pima betri pia. Injini ikiwa imezimwa inapaswa kuwa na volti 12.4 au zaidi. Ikinguruma, kati ya 13.5 na 14.5. Betri iliyochoka inaweza kuwasha taa hii peke yake, na hapo huna haja ya kufungua usukani.

Hatua ya 2: Kata umeme, usubiri

Zima swichi, toa waya hasi wa betri, uuzungushie tepu. Kompyuta ina kapasita zinazohifadhi umeme wa kulipua mifuko hata betri ikitolewa. Toyota inataka angalau sekunde 90, watengenezaji wengine dakika 3. Kaa dakika 5 kabla ya kugusa soketi yoyote ya manjano.

Usipime mfuko wenyewe kwa maltimita wala taa ya kupimia. Kilipuzi chake kina ukinzani wa takriban omu 2, na umeme mdogo wa kipimo unaweza kukifyatua.

Hatua ya 3: Chini ya viti

Anzia hapa ikiwa namba inataja mkanda au mfuko wa pembeni. Kiti kinasukumwa mbele na nyuma kila siku, mizigo inachomekwa chini yake, maji yanaingia. Sababu tunayokutana nayo sana ni kuosha gari ndani: viti vinatolewa ili zulia likauke, mtu anawasha swichi asikilize redio soketi zikiwa nje, na hitilafu inaandikwa kwenye kompyuta. Kurudisha soketi peke yake mara nyingi hakuzimi taa. Lazima namba ifutwe.

Chomoa soketi ya manjano, uiangalie kwa tochi. Ndani yake kuna kipande chembamba cha chuma ambacho, soketi ikiwa nje, huunganisha nyaya mbili ili umeme tuli usifyatue mfuko. Soketi isipoingia hadi mwisho, kipande hicho kinabaki kimegusa na kompyuta inasoma shoti, wakati nyaya zote ni nzima. Ukiona ukungu wa kijani, puliza dawa ya kusafishia soketi za umeme, acha ikauke, kisha sukuma mpaka usikie mlio wa kufuli. Kama kuna kufuli la pili, lifunge. Nyaya zisivutike kiti kikirudi nyuma kabisa.

Hatua ya 4: Springi ya usukani

Taa ikiwaka na honi ikakataa, pamoja na vitufe vya redio kwenye usukani, utepe wa nyaya ulio ndani ya springi ya usukani (kifaa kinachojikunja na kuunganisha nyaya za usukani na gari) umekatika. Hautengenezwi, hubadilishwa.

Nyoosha magurudumu. Kwenye Toyota nyingi, toa vifuniko vya pembeni na ulegeze skrubu mbili za T30 (zenye tundu la umbo la nyota), kisha vuta mfuko taratibu na uchomoe soketi yake. Uweke mezani uso ukitazama juu, mtu asiuinamie. Weka alama kwenye usukani na mhimili, legeza nati ya 19 lakini uiache kwenye nyuzi chache ili usukani usikurukie usoni unapouvuta.

Springi mpya lazima iwekwe katikati. Izungushe kwa mkono kinyume cha saa mpaka ikaze, bila nguvu, kisha irudishe kama mizunguko 2.5 mpaka alama zikutane. Ukiruka hapa, itakatika mara ya kwanza unapogeuza gari. Ukinunua ya ex-Japan (iliyotumika, kutoka Japani) kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, linganisha soketi na idadi ya nyaya, na ukatae isiyo na pini au tepu ya kuizuia. Nati hukazwa newton mita 50, skrubu za mfuko 8.8.

Hatua ya 5: Futa, kisha jaribu

Rudisha betri, futa namba, hesabu sekunde 6. Zungusha usukani kutoka pembe hadi pembe, sogeza viti, kisha endesha kwenye barabara yenye matuta. Namba ikirudi, anza na soketi uliyoigusa mwisho.

Rezista ya omu 2 ni ya kupimia tu: ukiiweka mahali pa mfuko na hitilafu ikageuka ya zamani, mfuko wenyewe ndio mbovu. Fundi akiiacha humo taa itazima na hutakuwa na mfuko. Vilevile, gari ambalo mifuko yake ilishafunguka linahitaji mifuko, mikanda na kompyuta; kufuta namba hakutoshi.

Kuna tatizo moja taa hii haiwezi kukuonyesha: mifuko ya kampuni ya Takata, ambayo kilipuzi chake huharibika kwa joto na unyevu na kinaweza kurusha vipande vya chuma. Imo kwenye magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 2000. Ingiza namba ya chasi kwenye tovuti ya mtengenezaji nchini Japani, hata kama taa yako inazima vizuri.