Chenji Ihesabiwe Kauntani: Jinsi ya Kuepuka Kupunjwa na Keshia

Chenji haikupotei njiani. Inapotea ukiwa bado umesimama kauntani, kati ya pale noti inapoondoka mkononi mwako na pale droo inapofungwa. Ni sekunde chache tu. Noti yako ikishalala juu ya wenzake, huna tena cha kuonyesha, na hapo ndipo "ulinipa mia tano, si elfu" inapozaliwa. Karibu kila tunachokieleza hapa kinalenga kurefusha hizo sekunde, ili pesa yako ionekane na watu wawili kabla haijachanganyika na za wengine.

Anza kabla hujafika kauntani

Usitoe bunda zima mfukoni mbele ya keshia. Noti ya elfu ikae kando, peke yake, na ujue kwamba ni moja. Ukiwa na shaka na mahali hapo, tazama tarakimu tatu za mwisho za nambari iliyochapwa kwenye noti, au ipige picha ukiwa kwenye foleni. Ukibishaniwa, unamwomba msimamizi atafute kwenye droo noti ya elfu inayoishia, tuseme, 417. Ubishi wa nusu saa huisha kwa dakika moja.

Soma tarakimu, usiamini rangi. Noti za Kenya zilizoanza kutolewa mwaka wa 2019 zina rangi zake: 50 ni ya kijani, 100 ya zambarau, 200 ya buluu, 500 nyekundu na 1000 ya kahawia. Elfu ya zamani iliacha kutumika baada ya tarehe 30 Septemba 2019, lakini noti nyingine za zamani bado ni halali. Tatizo ni kwamba 500 ya zamani ilikuwa ya kijani. Mtu aliyezoea ile "Jirongo", jina la mwanasiasa ambalo noti ya mia tano ilibandikwa wakati wa uchaguzi wa 1992, anaweza kushikishwa hamsini ya kijani jioni taa zikiwa hafifu, na akaenda nayo. Kwa sarafu, angalia mnyama: twiga ni shilingi moja, kifaru tano, simba kumi, ndovu ishirini. Simba ndiye anayepitishwa kama ndovu, hasa kwenye vibanda vya usiku.

Unapotoa pesa

Taja noti na bei kwa sauti ya kawaida, noti ikiwa bado mkononi: "Kata mia tatu na arobaini kwenye hii elfu." Ngoja aitazame ndipo uiachie. Maneno hayo yanasikika na mtu wa nyuma yako kwenye foleni na anayefunga mizigo pembeni, na keshia anajua yamesikika. Keshia aliyefunzwa vizuri huilaza noti yako juu ya droo, nje ya vyumba vyake, mpaka chenji ikabidhiwe. Anayeisokomeza ndani papo hapo si lazima awe mwizi, pengine ana haraka tu, lakini kwake fungua macho zaidi.

Kisha hesabu chenji kwa kupanda, usitoe. Kutoa 340 kwenye 1000 kichwani huku mtoto analia na foleni inasukuma ni kujitafutia makosa. Anza na bei, upande hadi noti uliyotoa: 340, ongeza kumi iwe 350, ongeza hamsini iwe 400, ongeza mia iwe 500, ongeza mia tano iwe 1000. Kumi, hamsini, mia, mia tano: 660. Kila noti inayowekwa mbele yako inasogeza hesabu, na ukifika kwenye elfu umemaliza. Usipofika, bado unadai.

Nusu chenji

Hii ndiyo mbinu inayokula watu wengi, na ndiyo ngumu zaidi kumshika mtu nayo, kwa sababu haina uongo hata mmoja. Unadai 660. Keshia anakupa 160 kwanza, sarafu zikiwa juu ya noti, pamoja na risiti na mfuko wako, halafu anamgeukia mteja anayefuata: "Karibu, mama." Mikono yako imejaa, akili imeshaingia kwenye matatu. Ukiondoka, mia tano imebaki. Ukisimama, anasema "Pole, nilikuwa natafuta noti," anakupa, na hakuna wa kumlaumu.

Dawa yake ni kutopokea chochote kwa mafungu. Akikupa sarafu, ziache juu ya kaunta na mkono ubaki wazi. Usiguse mfuko wala risiti. Usisogee hata nusu hatua, kwani ukisogea nafasi yako inajazwa na mtu mwingine na mazungumzo yamehamia kwake. Kama unahitaji kusema kitu, taja kilichobaki: "Bado mia tano, dada." Si swali, na wala si lawama.

Wanaolengwa hujulikana: anayezungumza kwenye simu, aliyebeba mtoto, aliyelewa, na mgeni anayetazama bango la bei kwa muda mrefu. Saa nazo hujulikana: kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni watu wakitoka kazini, mwisho wa mwezi, na siku za soko. Jumapili ya Kibuye, Kisumu, si siku ya kupokea chenji huku unatembea.

Noti iliyokunjwa na ile "una kumi?"

Noti za chenji zikunjuliwe. Noti moja iliyokunjwa katikati ya bunda ina ncha mbili, na ukihesabiwa kwa ncha, noti tano huwa sita. Zilaze moja moja juu ya kaunta. Zikishikamana kwa unyevu, na Kisumu joto na jasho huzishikamanisha kweli, zitenganishe kwa kidole kabla hujakubali hesabu.

"Una kumi nikupe noti nzima?" ni ombi la haki kabisa, maana sarafu huwa adimu, lakini linafungua mlango wa hesabu mbili kwa wakati mmoja. Bei ni 310, umetoa elfu, unadai 690. Ukiongeza kumi, unadai 700 kamili. Kanuni yake ni rahisi: ukishaongeza sarafu, chenji isiwe na sarafu. Ukirudishiwa 690, kumi yako imeenda. Na kama keshia ameshaanza kuhesabu 690 ndipo anaomba kumi, mwache amalize kwanza, uipokee yote, uihesabu, ndipo mbadilishane. Mambo mawili yakichanganywa, anayepoteza huwa ni mteja.

"Chenji hakuna"

Huna wajibu wa kupokea peremende, kiberiti wala chingamu badala ya pesa. Shilingi tano inaonekana ndogo, lakini duka linalohudumia watu mia mbili kwa siku limekusanya elfu moja. Njia tatu zinafaa. Ya kwanza ni kumwomba muuzaji akutumie salio kwa M-Pesa. Kutuma shilingi 100 au chini hakukatwi ada, kwa hivyo hana kisingizio cha gharama. Ya pili ni kulipa kwa M-Pesa tangu mwanzo kiasi kilekile kilichoandikwa, hata kama ni 199. Ya tatu, kama ni duka la mtaani unalolizoea, aandike deni kwenye risiti au kwenye kitabu chake wewe ukiona, aweke tarehe na sahihi. "Utachukua kesho" ya mdomo hufa zamu ikibadilika.

Supamaketi

Hapa hasara nyingi hutokea kwenye mashine kabla hata ya chenji. Simama mahali unapoiona skrini. Mlio mmoja ni bidhaa moja. Ukisikia miwili kwa pakiti moja ya unga, sema hapohapo, kwa sababu kufuta mstari kabla ya malipo ni kazi ya dakika moja ya msimamizi, na baada ya malipo ni safari ya dawati la wateja. Kwenye risiti tafuta mistari miwili inayofanana ikifuatana, na bidhaa zilizopimwa kwa kilo: nyanya zikibandikwa stika ya tunda ghali, bei huruka. Bei ya rafu ikiwa chini kuliko ya kaunta, mara nyingi ofa ilikwisha na lebo haikutolewa. Piga picha ya lebo na udai bei iliyoandikwa. Iliyokufanya uchukue bidhaa ni hiyo.

Dai risiti ya mashine kila mara. Keshia anayesema "mtambo umekwama" na kupokea pesa bila kupiga mauzo amejitengenezea ziada ndani ya droo, na akiiondoa kabla zamu haijaisha, haionekani wakati wa kufunga hesabu.

Hoteli na vibanda

Bili iliyoandikwa kwa kalamu ijumlishwe mbele yako. Vinavyoongezwa mara nyingi ni vidogo: chapati ya pili, maji, ugali wa nyongeza ambao menyu ilisema ni bure. Samaki wa Kisumu, awe ngege au mbuta, bei yake hutegemea ukubwa, kwa hivyo mchague akiwa mbichi na bei itajwe kabla hajaingia kwenye mafuta. Nyama choma, Nakuru au Eldoret, ipimwe mbichi ukiangalia. Ikishachomwa imepoteza maji na mafuta, na kuirudisha kwenye mizani hakuthibitishi chochote.

Kwenye hoteli kubwa angalia kodi. Bei ya menyu ikiwa tayari inajumuisha kodi, jumla ya chini isizidi jumla ya vyakula ulivyoagiza. Bili ya 1180 yenye VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2 ndani yake ina 1000 ya chakula, 160 ya VAT na 20 ya ushuru. Ukigawa jumla kwa 1.18 unapata bei bila kodi. Ukiona menyu ilisema 1180 na bili inasema karibu 1390, umetozwa kodi juu ya kodi.

Weita asiyerudi na chenji anangoja unyamaze ili iwe bakshishi. Kama hukukusudia kumpa, mwambie anapochukua pesa: "Niletee mia mbili na hamsini." Kutaja kiasi kunampa kazi ya kuleta kiasi hicho.

Malipo ya simu

Lipia namba ya tili, yaani namba ya malipo ya duka, iliyobandikwa ukutani, si namba ya simu ya mhudumu. Kulipa kwa tili hakukukati ada, ilhali kumtumia mtu zaidi ya 100 kunakata, na pesa iliyoingia kwenye simu yake duka halina habari nayo. Soma jina lililo kwenye ujumbe kabla ya kuondoka. Ukiambiwa "haijaingia, tuma tena," usitume. Angalia salio lako kwanza. Kama limepungua, muonyeshe ujumbe wenye msimbo wa herufi na tarakimu, jumla kumi, na umngoje ailinganishe na orodha yake. Ukikosea namba na kumtumia mtu binafsi, tuma ujumbe huo wa M-Pesa kwa 456, namba ya Safaricom ya kurudishiwa pesa, mara moja.

Ukishapunjwa

Baki kauntani, pesa ikiwa bado mezani. Ukiitia mfukoni na kuitoa tena, umeharibu kesi yako, kwa kuwa hakuna anayejua ulikuwa na nini mfukoni. Usiseme "umeniibia", neno hilo linamfanya msimamizi amtetee mfanyakazi wake. Sema, "Hebu tuhesabu pamoja." Bei ni hii, noti niliyotoa ni hii, nilichopokea ni hiki.

Ikishindikana, mwite msimamizi na uombe droo ihesabiwe wakati huo, si jioni. Mauzo yaliyopigwa pamoja na pesa ya kuanzia yalingane na kilichomo. Kosa la bahati mbaya huacha ziada ya kiasi kilekile unachodai, na hapo unalipwa bila ugomvi. Kosa la makusudi ni jingine: keshia mzoefu huondoa ziada kabla zamu haijaisha, ndiyo maana kungoja jioni kunamfaa yeye.

Umegundua ukiwa nyumbani? Rudi siku hiyohiyo na risiti. Uzito wa mizani unaoutilia shaka upeleke kwa maafisa wa vipimo na mizani. Mambo mengine ya mtumiaji yanalindwa na Kifungu cha 46 cha Katiba na sheria ya mwaka wa 2012 ya ulinzi wa watumiaji, lakini kwa mia tano utamalizana na meneja kabla ya kufika huko. Ukiambiwa droo imelingana hadi shilingi ya mwisho, omba kamera ya juu ya kaunta itazamwe, na uwasomee saa na dakika zilizo kwenye risiti yako ili wasitafute siku nzima.