Namna ya Kusoma Riwaya ya Upelelezi Ukamjua Muuaji Kabla ya Sura ya Mwisho

Riwaya ya upelelezi iliyoandikwa kwa haki humpa msomaji kila anachohitaji ili amjue muuaji kabla hajatajwa. Wasomaji wengi hawamjui, na sababu si uvivu wa akili. Wanameza kwa pamoja vitu viwili ambavyo mwandishi ameviweka pamoja makusudi: kilichoonekana na kilichosemwa. Ukiweza kuvitenganisha, nusu ya kazi imekwisha. Karibu kila hatua hapa chini inahusu namna ya kuvitenganisha.

Jua kwanza umeshika kitabu cha aina gani

Si kila riwaya yenye maiti ni fumbo. Soma sura mbili za mwanzo, kisha jiulize: kitabu hiki kinauliza "nani alifanya" au "atakamatwaje"? Riwaya za Muhammed Said Abdulla zenye mpelelezi Bwana Msa, zilizoanza na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, ni za swali la kwanza. Bwana Msa ana kiko chake na mwenzake Najum, anahoji, anapima maneno ya watu, na msomaji ana nafasi ya kupima pamoja naye. Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ya mwaka 1974, ina jasusi Willy Gamba na iko upande wa pili: ujasusi, mbio, hatari inayomfuata mtu mlango kwa mlango. Kitabu cha namna hiyo ukikisomea daftari unajichelewesha bure. Kiache kikubebe kwa kasi yake, wewe uangalie tu nani anamsaliti nani.

Simulizi zinazotumwa kwa vipande kwenye simu ni jambo la tatu kabisa. Mara nyingi mtunzi anaandika leo usiku kitu utakachosoma kesho, na huenda hata yeye hajaamua muuaji ni nani. Zisome kwa raha zake, ila usimdai haki ya fumbo mtu ambaye hakuahidi kukupa.

Kagua kitabu kabla ya kulipa

Wanaonunua vitabu vilivyotumika, viwe vya kupangwa chini pembeni mwa barabara mjini Arusha au juu ya meza kule Moshi, wanajua uchungu wa kufika karibu na mwisho na kukuta gundi tupu. Vitabu vingi huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa kuwa mafungu ya kurasa 16 au 32. Gundi ya mgongo ikichoka, zinaweza kung'oka karatasi moja moja, au likang'oka fungu zima. Kwa hiyo geukia mwisho wa kitabu, funika maandishi kwa kiganja, na ufuate namba za kurasa peke yake kurudi nyuma hadi kurasa 40 hivi. Halafu bonyeza mgongo katikati uone kama kuna fungu linalocheza.

Angalia pia kurasa za mwanzo zenye orodha ya wahusika, kama ipo. Kuna wasomaji wenye tabia mbaya ya kuzungushia duara jina la muuaji. Dibaji nayo iache hadi umalize, hasa kwenye matoleo mapya ya vitabu vya zamani: mwandishi wa dibaji anaandikia watu anaodhani wameshasoma, na mara nyingi anafichua mwisho ndani ya sentensi moja. Maelezo ya jalada la nyuma soma mistari miwili ya juu tu.

Kama hununui, maktaba za mikoa za Bodi ya Huduma za Maktaba zipo Arusha na Moshi. Humo usitie alama yoyote kwenye kitabu, hata ya penseli. Tumia vipande vya karatasi.

Daftari

Daftari la kawaida la shule linatosha. Fungua kurasa mbili zinazotazamana, uzigawe safu tatu: mtu, kilichoonekana, kilichosemwa. Safu ya tatu iwe na nafasi ya kuandika nani kasema, maana maneno bila msemaji hayana thamani.

Safu ya watu ijazwe mapema. Mwaka 1929 padri Mwingereza Ronald Knox, ambaye mwenyewe alikuwa akitunga riwaya hizi, alitoa kanuni kumi za kuziandika, na ya kwanza inadai kwamba mhalifu awe ametajwa sehemu za mwanzo za hadithi. Wapo waandishi waliovunja kanuni zake nyingine kwa ustadi mkubwa, lakini hii wengi wanaiheshimu. Kwa kitabu cha kurasa 240, andika kila anayetajwa hadi ukurasa wa 60, hata muuza maziwa, hata mlinzi anayefungua geti mara moja na kutoweka. Ukifika mwisho, jina la muuaji karibu hakika litakuwa kwenye orodha hiyo.

Hapa riwaya za Kiswahili zinahitaji uangalifu wa pekee. Sisi tunamwita "mama" mwanamke yeyote mzima, "mjomba" anaweza kuwa jirani, na "kaka" ni mtu tuliyekutana naye dukani. Mwandishi mjanja hujificha humo. Andika undugu uliothibitishwa tu: nani kamzaa nani, nani kamwoa nani, nani analelewa na nani. Undugu unaotokana na salamu uwekee alama ya kuuliza. Kwenye vitabu vya Bwana Msa nasaba ndiyo mara nyingi inayobeba fumbo, na msomaji anayepita juu ya mambo ya ukoo anapita juu ya ufunguo.

Vilevile lugha yetu haimtaji mtu kama ni mwanamume au mwanamke ndani ya kitenzi. "Alifunga mlango, akashuka ngazi" anaweza kuwa yeyote. Ukijikuta tayari unamwona mwanamume mwenye koti, rudi nyuma uangalie kama kitabu kilisema hivyo au ni wewe umemvalisha.

Mfano wa kufanyia mazoezi

Hiki ni kipande tulichokitunga kwa ajili ya somo hili:

*Mpwa alifika Sakina, Arusha, saa 2:15 usiku, akasema ametoka Moshi kwa Kosta ya saa 1:00. Mezani palikuwa na miwani ya mzee ndani ya kasha lake, kikombe cha chai iliyopoa, na gazeti lililofunuliwa kurasa za michezo. "Usingizi wa mwisho umemkuta mjomba anasoma," alisema mpwa, akamfunika uso. Mlinzi alikuwa getini akilalamika kwamba maziwa ya dukani yatakuwa yameganda, maana umeme ulikatika saa 12:00 jioni na umerudi sasa hivi tu.*

Kilichoonekana: miwani kwenye kasha, chai baridi, gazeti wazi. Kilichosemwa na mpwa: alitoka Moshi saa 1:00, mjomba alikufa akisoma. Kilichosemwa na mlinzi: umeme haukuwapo tangu saa 12:00.

Msomaji wa haraka hubaki na picha ya mzee aliyesinzia juu ya gazeti, kwa sababu mpwa ndiye aliyeichora. Safu ya kati haisemi hivyo. Mtu anayeshikwa na usingizi akisoma hakunji miwani kwanza akairudisha kwenye kasha. Umeme peke yake haumkamati mpwa, kwa kuwa mzee angeweza kusoma saa 11:00 kwa mwanga wa dirishani. Miwani nayo peke yake haitoshi, kwani huenda alimaliza kusoma akajilaza. Lakini zote mbili zinaangukia sentensi ile ile moja ya mpwa, na sentensi hiyo ndiyo ya kupigia mstari. Swali la kuandika pembeni: nani alilifunua gazeti, na lini?

Halafu safari. Moshi hadi Arusha ni kama kilometa 80. Dakika 75 ni wastani wa kilometa 64 kwa saa, pamoja na kushusha na kupakia abiria Boma Ng'ombe, Usa River na Tengeru. Kwa Kosta ni ajabu, kwa gari binafsi inawezekana. Usiandike "mwongo". Andika "alikuja na usafiri gani?" Swali huliachia kitabu nafasi ya kujibu, hukumu inakufunga macho.

Dalili hufichwa wapi

Angalia tena kipande kile. Miwani imewekwa ndani ya orodha ya vitu vitatu, nayo imetajwa kama samani. Umeme umetoka kinywani mwa mtu asiyesikilizwa, tena ndani ya malalamiko ya maziwa. Hizo ni mbinu mbili kati ya zinazotumika mno. Ya tatu ni kelele: mara tu baada ya dalili kubwa, simu inalia, mtu anazirai, ugomvi unazuka, na wewe unakimbilia ugomvi. Kila tukio la ghafla linapotokea, rudi nyuma mistari kumi usome kilichotangulia.

Ya nne ni ngumu zaidi kuiona: jibu la kweli kwa swali jingine. Mpelelezi anauliza, "Ulikuwa nyumbani usiku ule?" Mshukiwa anajibu, "Mimi saa nne huwa nimeshalala." Hakujibu. Alieleza mazoea yake. Mhojiwa anapohama kutoka usiku ule kwenda kwenye "huwa", weka alama.

Dalili za kupotosha nazo zina tabia yake. Hujitangaza. Mtu mkorofi, mwenye deni, aliyemtishia marehemu mbele ya watu katika sura ya pili, mara nyingi kawekwa pale ili umchukie. Wasomaji hukosea zaidi hapa kuliko mahali pengine popote: wanamchagua wasiyempenda, kisha wanasoma kurasa 150 wakimtafutia ushahidi.

Saa, jua na maiti

Tengeneza ukurasa mmoja wa saa: kushoto saa, kulia nani alionekana wapi na nani alimwona. Anayesema "nilikuwa kwangu" bila wa kumthibitisha, mwachie nafasi tupu. Nafasi tupu zikipangwa ukurasa mmoja zinasema mengi.

Ukisoma riwaya ya Kiingereza, usihamishe jua la kwetu. Arusha na Moshi jua huzama kabla ya saa 1:00 jioni mwaka mzima. London mwezi Juni huzama baada ya saa 3:00 usiku, na Desemba karibu saa 10:00 jioni. Shahidi anayedai alimtambua mtu bustanini saa 2:30 usiku anaweza kuwa mkweli kabisa mwezi Juni, na mwongo mtupu mwezi Desemba. Mwezi ukitajwa, uandike.

Kuhusu maiti, mambo machache ya kweli yanatosha. Mwili huanza kukakamaa kama saa 2 hadi 4 baada ya kifo, hukakamaa wote zikitimia kama saa 12 tangu kifo, kisha hulegea tena taratibu kuanzia siku inayofuata. Joto huharakisha, baridi huchelewesha. Damu hutuama upande wa chini wa mwili na baada ya saa 8 hadi 12 alama zake hazihami tena, kwa hiyo maiti iliyolala chali yenye alama hizo kifuani imegeuzwa na mtu. Daktari wa riwaya anayetaja saa ya kifo kwa dakika kamili usimwekee uzito: makadirio ya kweli huwa ni ya muda mrefu zaidi, na mwandishi anayesisitiza dakika anataka uamini saa hiyo kwa sababu yake.

Simama

Hii ndiyo hatua ambayo wengi hawaitekelezi, na bila hiyo kazi yote inapotea. Mpelelezi akisema "sasa nimeelewa", akianza kuwakusanya watu sebuleni, au zikibaki kurasa 30 hadi 40, funga kitabu. Lala nacho usiku mmoja.

Kisha andika majibu: nani, kwa nini, na alipata nafasi saa ngapi. Chini yake andika vitu vitatu kutoka safu ya kati, vilivyoonekana, ambavyo haviwezi kuelezeka kama muuaji ni mwingine. Ukipata kimoja tu, unabahatisha. Usivichukue kwenye safu ya maneno, isipokuwa neno hilo limethibitishwa na mtu mwingine asiye na faida nalo.

Ukishindwa kabisa, pekua orodha ya majina umtafute mtu ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza alikuwa wapi. Kwa nini kitabu hakijamuuliza?

Baada ya kujua

Rudia sura tatu za mwanzo siku hiyo hiyo. Ni kazi ya kama saa moja, na ndiyo inayofundisha kuliko yote, kwa kuwa sasa unaona mkono wa mwandishi ukifanya kazi. Tafuta kila dalili mahali ilipotajwa mara ya kwanza na uandike ilifichwa kwa mbinu gani. Kama dalili kubwa haipo popote kabla ya ufumbuzi, mwandishi hakukutendea haki, na una sababu ya kusema hivyo. Kama ipo na uliipita, angalia uliipitia wapi: kwenye orodha, kwenye kelele, au kwa mtu uliyemdharau. Baada ya vitabu vitatu au vinne utajua udhaifu wako uko wapi, nao huwa ni ule ule.

Mkisoma kikundi, wanne hadi sita wanatosha. Kubalianeni ukurasa wa kusimama, kila mmoja aandike jibu lake kwenye karatasi na kuikunja kabla ya mtu yeyote kusema, la sivyo mwenye sauti kubwa ataamua kwa niaba ya wote. Kabla ya kumwazima mwingine kitabu, toa vipande vyako vyote vya karatasi: mwenzako akikuta kumi vimepangwa mahali pale pale palipo na dalili, umeshamsomea.